Kompyuta ya Chumbani kwa Mkwe

Wifi yangu Latifa ni fundi wa kompyuta anayetegemewa Lushoto mjini, na kompyuta inayomhangaisha kuliko zote hajawahi kuiona ilipokaa. Imo chumbani kwa baba yangu, na Latifa ni mke wa kaka yangu. Kwetu sisi mke wa mtoto haingii chumba anacholala baba mkwe, wala jina la baba mkwe halipiti mdomoni mwake. Msidhani kuna mtu anamchunga. Mimi mwenyewe nilishamwambia, "Wifi, ingia bwana, mzee yuko shambani, utafagia nyayo zako ukitoka." Alinitazama kama niliyemwambia aibe msahafu.

Alikuja kwetu Malindi, hii ya hukuhuku Lushoto, kutoka Mlalo, ameolewa na kaka yangu Yusufu, mkulima wa kabichi na karoti. Mimi ni Hidaya, mwalimu wa shule ya msingi. Ndoa yangu ilivunjika nikarudi nyumbani, na nalisema hilo mapema ili mjue kwamba nilikuwa na kila sababu ya kuwa wifi mbaya. Nilijaribu. Nilimkagua chumvi kwenye mboga, nikamkagua ufagiaji wa uwanja, nikamsema kwa kuchelewa kurudi kutoka dukani kwake. Latifa alikuwa anacheka tu, na ni vigumu sana kugombana na mtu anayecheka huku ameshika simu yako anakubadilishia kioo.

Alipojifungua mtoto wa kiume, mtoto akapewa jina la babu yake, Zuberi, kama ilivyo desturi. Basi mama mtu akawa hawezi kumwita mwanawe. Anamwita "Babu." Babu njoo unywe uji, Babu usile udongo. Siku ya kwanza kliniki nesi akamuuliza, "Mtoto anaitwa nani?" Latifa akatabasamu. Nesi akarudia swali. Latifa akatabasamu zaidi. Nesi akaanza kumtazama mtoto, kisha mama, kisha mtoto tena, na nadhani alikuwa karibu kuita polisi. Aliyeokoa jahazi ni bibi mmoja kwenye foleni: "Nesi, mwache huyo. Mtoto ana jina la mkwe. Soma kadi yake uendelee na kazi." Latifa aliporudi alinisimulia hadi akakaa chini kwa kicheko.

Sasa hiyo kompyuta. Baba alikuwa karani wa mizani kwenye chai kule Mponde, na alipostaafu Yusufu akamnunulia kompyuta ya mtumba ili asikae bure. Mzee akaiweka chumbani. Sebuleni, alisema, kila mgeni atataka kuigusa. Kila ilipougua, ikabidi Yusufu aibebe hadi sebuleni, kioo mkono huu, mashine mkono ule, nyaya zikiburuta sakafuni, ili mke wake aitibu. Ikishapona, inarudishwa. Kwa vile baba anabonyeza kila kitu anachokiona, kompyuta ile iliugua kila wiki.

Yusufu alichoka kabla ya Latifa. Jioni moja alitoboa ukuta, wakapitisha waya kutoka chumbani kwa baba hadi kwenye meza ya Latifa ukumbini, na mwingine hadi kwangu. Kompyuta tatu zikawa zinasemezana. Sijui kama kuna nyumba nyingine milimani huku yenye mtandao wa nyumbani uliojengwa kwa sababu ya adabu, lakini yetu ndiyo hiyo.

Namna inavyofanya kazi alinieleza siku moja tukimenya viazi. Kompyuta moja ikitaka kuingia kwa mwenzake, inabisha hodi. Inaulizwa, wewe nani, na paswedi yako ni ipi? Majibu yakifanana na yale ya mwenye nyumba, karibu ndani. Yasipofanana, hata uwe mtoto wa humo, unabaki barazani. Kwa hiyo alizipa kompyuta zote tatu jina moja na paswedi moja, milango ikawa inafunguka bila maneno. Nilimuuliza, "Na wewe fundi, umejiachia ufunguo wa akiba?" Mafundi wengine hujiachia, nilisikia. Latifa akaacha kumenya. "Ufunguo wa akiba wa chumba cha mkwe, wifi? Niupeleke wapi?"

Nikamwambia ni mjinga. Nalikumbuka neno hilo vizuri kwa sababu lilikuja kuwa la kweli.

Basi wakawa wanaishi hivyo, yeye upande huu wa ukuta, baba upande ule.

"Mkwe! Mshale umepotea!"

"Tikisa kipanya, baba."

"Umerudi!"

"Haya, baba."

Mama yetu, Bi Saumu, alikuwa bado hai wakati huo, na alikuwa akisema nyumba imepata wendawazimu wawili wanaoongea na ukuta. Yeye alikuwa na simu yake ya kupangusa ambayo hakuielewa hata kidogo. Siku moja alitaka kumpigia baba, akabonyeza asipopajua, na badala ya kupiga simu akajirekodi. Akamgombeza baba humo kwa kirefu, akidhani anasikilizwa. Tuliigundua baada ya kumzika. Simu ilikuwa imeanza kufa, Latifa akaiwahi, akaihamishia ile sauti kwenye kompyuta ya baba. Baba akasema ikae hapo peke yake. Sauti ya mke wake haisambazwi kwenye masimu ya watu kama tangazo la mkutano.

Jioni kupitia ukutani tulikuwa tunamsikia mama anagomba. Latifa alikuwa anapunguza moto wa chai ili birika lisipige kelele.

Kisha macho ya baba yakaanza kwenda. Mtoto wa jicho, la kulia kwanza, halafu na la kushoto. Latifa alimpakia herufi za kibodi rangi ya kucha, nyekundu, kubwa, Yusufu akiileta kibodi ukumbini na kuirudisha. Baba akawa anachapa huku pua inakaribia kugusa herufi. Na kwa kuwa kioo hakioni tena vizuri, akahamia kwenye redio, na redioni siku moja akaja mtaalamu kuzungumzia nywila, ambayo ndiyo paswedi kwa Kiswahili cha redioni. Badilisheni nywila zenu mara kwa mara, mtaalamu alisema. Msimwambie mtu.

Baba ni mtu wa kutii redio. Alibadilisha. Hakumwambia mtu.

Siku hiyohiyo hodi zote zikagoma. Kompyuta ya Latifa na yangu zilikuwa bado zinataja paswedi ya zamani, na ya baba inazijibu kwamba haizifahamu. Latifa alimuuliza kupitia ukutani, kwa upole, kama kuna kitu kimebadilika. "Hakuna," baba alisema, "ila usalama umeongezeka." Latifa hakuuliza tena. Mkwe hahojiwi.

Ilikaa hivyo mpaka siku ya Bumbuli.

Madaktari wa macho walikuwa wamekuja hospitalini Bumbuli kwa muda mfupi, na baba akapata nafasi ya siku ya mwisho. Nikaenda naye mimi. Yusufu alikuwa njiani na gari la kabichi, simu haipatikani, na Latifa alibaki nyumbani na mtoto. Tulifika tukapangwa kwenye benchi pamoja na wazee wengine, kila mmoja na plasta kwenye paji la uso juu ya jicho litakalofanyiwa kazi. Baba alikuwa mchangamfu. Alikuwa amekwisha kumwamkua kila aliyepita, wakiwemo waliostahili kumwamkia yeye, kwa kuwa haoni vizuri. Nesi akaja kueleza kwamba hawatalazwa usingizi, watachomwa sindano ya ganzi karibu na jicho, na wataona kiza na mwanga tu.

Baba akasimama. "Hidaya, tunaondoka."

Nilidhani anatania. Hakuwa anatania. Alishika ukuta akaanza kuutafuta mlango.

"Baba, jicho la kulia limeshakwenda. Hili likienda utakuwa kipofu."

"Kipofu anajua alipo. Sindano ya jicho siiwezi."

Nilimbembeleza, nikamkaripia, nikalia kidogo. Nesi alisema wanaweza kumsogeza awe wa mwisho, lakini daktari anaondoka leo na hajui ni lini atarudi. Baba alikaa tena mwisho wa benchi, koti limembana mabega, na akasema kwa sauti ndogo ambayo sijawahi kuisikia kwake: "Kama mama yenu angekuwepo angenigombeza, ningeingia." Kisha akageuza uso. "Niletee sauti yake. Nikimsikia, nitaingia."

Nikampigia Latifa. Nilimweka kwenye spika kwa sababu baba alitaka kusikia kila neno.

"Shikamoo baba," alisema kwanza, kabla ya lolote.

"Marahaba, mkwe."

Nikamweleza. Nikasikia kiti kinaburutwa, vidole vinachapa. "Inakataa, wifi. Inaomba paswedi mpya."

"Ingia chumbani kwake."

"Kumefungwa."

Baba akapapasa mfuko wa koti. Ufunguo ulikuwa Bumbuli pamoja nasi.

"Vunja kitasa!" nilisema.

"Hata nikivunja, wifi, na kule ndani itaniuliza paswedi ileile. Hapa tu ndipo pa kupita. Muulize baba."

Nikamgeukia baba. Akakaza midomo. Mtaalamu wa redioni alikuwa amesema asimwambie mtu, na benchi zima lilikuwa limetega sikio. Nikamwambia achague, siri yake au jicho lake. Akainama sikioni kwangu, akaninong'oneza, na mimi nikapiga ukelele wa kicheko mpaka nesi akachungulia.

Lilikuwa jina lake mwenyewe.

"Kwa nini, baba?"

"Nilifikiri vizuri," alisema, akijitetea kama mtoto. "Fundi wa nyumba nzima ni mkwe wangu. Anafungua kila kitu. Nikasema niweke kufuli asiloweza kulifungua. Mtu ana haki ya kukaa na mkewe faragha."

Kicheko kikanikauka. Upande wa pili wa simu Latifa alikuwa amesikia yote.

"Wifi," nilisema, "umeelewa paswedi ni nini?"

"Nimeelewa."

"Basi andika."

Nikatega sikio nisikie vitufe.

"Latifa, andika! Hakuna anayekusikia humo ndani!"

"Mimi nitajisikia," alisema. "Siwezi kuliandika bila kulisema moyoni, wifi. Nimejaribu sasa hivi. Kidole kinakataa."

Jamani, hasira niliyoipata! Kuna mzee anapofuka hapa kwa ajili ya jina, tena jina lake. Nilianza kusema maneno ambayo mwalimu hasemi. Kwenye benchi kulikuwa na mama mmoja, Josephina, aliyekuja zamani kuchuma chai kutoka Njombe na hakurudi tena kwao, naye akaingilia: "Dada, kwetu mkwe namwita jina toka asubuhi mpaka jioni, na anaitika. Lakini usimgombeze huyo binti. Wake wa wanangu mimi wananiita 'wewe.'" Mzee mwingine akashauri Latifa aende akamlete jirani aje kuandika. Lakini jirani ndiye angekuwa wa kwanza kujua paswedi, na wa pili angekuwa kijiji chote.

Baba akanyoosha mkono akitaka simu. Nikampa.

"Mkwe."

"Bee, baba."

"Ruhusa ninakupa mimi mwenye jina."

"Nimeipokea, baba. Nisamehe. Bado mkono hautaki." Nikaona aibu kwa yale niliyoyasema.

Baba akaisogeza simu karibu na mdomo. "Mjukuu wangu yuko wapi?"

"Huyu hapa, nimempakata."

"Basi usiniandike mimi. Mwandike yeye. Mimi nakaa pembeni."

Kisha tukasikia kitufe kimoja. Kisha kingine, baada ya muda ambao ningeweza kumenya kiazi. Benchi zima lilikuwa limeacha kukohoa. Mtoto akasema kitu chake, mama akamwambia "Subiri, Babu," kitufe kingine. Halafu Latifa akacheka, kicheko chake kile cha dukani, lakini kimelowa.

"Wifi, haionyeshi! Kila nikiweka herufi inaweka nukta nyeusi. Kompyuta yenyewe inamsitiri baba." Akabonyeza cha mwisho. "Imefunguka. Imefunguka, baba!"

"Hongea," baba alimpongeza kwa Kishambaa. "Hongea mno."

Ilichukua muda sauti kuingia kwenye simu yangu, maana mtandao wa simu pale ulikuwa unakuja na kuondoka. Ilipoingia niliiweka sikioni kwa baba, lakini mama alikuwa na sauti ya kuita watu kutoka bonde la pili, na kila aliyekuwepo akasikia.

"Haloo! Haloo! Baba Yusufu, mbona hupokei? Kuku wameingia kwenye maharage na wewe umekaa kwa watu mnabishana mpira! Rudi nyumbani. Latifa kapika bada na mnavu, inapoa. Unasikia? Sitaki kula peke yangu mimi. Haloo? Aah, simu gani hii!"

Watu wakacheka. Josephina akasema, "Huyo mama ningempenda." Mimi nilikuwa nacheka na kulia pamoja, maana nilikuwa sijaisikia kwa karibu hivyo tangu tumzike, kila siku ilikuwa inapita ukutani. Baba hakucheka wala kulia. Alivua kofia, akanipa. Akavua koti, akanipa.

"Nesi," aliita, "nipelekeni. Nimeshagombezwa."

Aliingia kwa miguu yake. Alipotoka, jicho limefungwa bandeji, alitaka kujua jambo moja tu: kama ile bada, ugali wetu wa muhogo, kweli ilikuwa siku ileile kuku walipoingia kwenye maharage, kwa sababu yeye anakumbuka ilikuwa ni makande. Kesho yake walipoifungua bandeji akanitazama muda mrefu, akaniambia nimezeeka. Nilifurahi sana kutukanwa hivyo.

Tulirudi Malindi. Latifa alitupokea uwanjani, amepiga goti na mtoto mgongoni, na baba akamwamkua mjukuu kwanza, kwa jina lote, kwa sauti, kama mtu anayelitoa zawadi. Kisha akaingia chumbani akafunga mlango, na sote tukasikia kompyuta inaamka.

"Mkwe!"

"Bee, baba!" Latifa alikuwa ameshakimbilia mezani kwake.

"Tuzipatanishe hizi mashine. Zimenuniana muda mrefu."

"Ndiyo, baba. Tuchague paswedi moja, uweke kwako, mimi niweke kwangu na kwa wifi, zitafunguana zenyewe kama zamani."

"Yule wa redioni alisema isiwe jina la mtu wa nyumbani."

"Alisema kweli, baba. Ni rahisi kukisiwa."

"Ametusumbua sana yule." Baba akakohoa. Mimi nilikuwa nimesimama ukumbini na sinia la chai, katikati ya ukuta na meza, naona upande mmoja na kusikia mwingine. "Basi, andika Latifa."

Tangu aolewe kwetu baba alikuwa anamwita mkwe, au mwanangu, au mama pale anapotaka kitu. Jina lile halijawahi kutoka kinywani mwake hata siku ya nikah, alisema "binti yenu" mpaka mwisho. Namjua baba yangu. Hakujisahau.

Latifa alibaki na mikono juu ya kibodi.

"Baba?" alisema.

"Mimi nimeshaandika. Herufi zote nimeziona bila kuinama." Kisha, taratibu: "Nilikufungia mlango kwa jina langu. Huo sasa uwe wazi kwa lako."

Najua mnachokifikiria, kwamba nimeitaja hadharani paswedi ya nyumbani kwetu. Msijisumbue, wifi yangu ni fundi, ameshaibadilisha, na safari hii alituambia wote. Lakini siku ile ilikuwa ndiyo hiyo. Alifuta macho kwa ncha ya mtandio, meno yote nje, akaanza kuchapa jina lake mwenyewe polepole, nukta moja baada ya nyingine, na mimi chai ikanipoa mikononi.

"Imefunguka?" baba aliuliza kutoka upande wa pili.

"Imefunguka, baba."